Hesabu ya Kutoa Watu Nyumbani

Mwalimu wa darasa la kwanza hakuwa mtu wa kuficha sifa zake, na siku hiyo sifa alikuwa nazo. Alikuwa amebuni somo la kuwafundisha watoto kuukimbia moto kwa hesabu ya kutoa. "Mko wangapi nyumbani? Moto ukiwaka, toa mmoja, toa mwingine, mpaka ibaki sifuri. Ikibaki moja?"

"Imekosewa!" darasa zima likaitika.

Mwalimu mkuu alikuwa amemleta afisa wa zimamoto ajionee. Walikaa nyuma kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni.

Watoto wakapanda ubaoni kwa zamu, kila mmoja akichora vijiti vya watu wa kwao na kuvifuta. Mmoja aliwatoa wote pamoja na paka, akasahau kujitoa mwenyewe. Hata afisa alicheka. Kisha akaja kitindamimba wa mwalimu mwenyewe, aliyekatazwa kumwita mama saa za kazi.

"Kwetu tuko watano, Mwalimu. Natoa wanne." Akafuta vijiti vinne. "Amebaki mmoja."

"Hujamaliza. Mtoe na huyo."

"Hatoki. Ni Bibi. Umemfungia kwa kufuli, na ufunguo uko kwenye mkoba wako."

"Imekosewa!" wenzake wakashangilia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwalimu aliumbuliwa na mtoto wa miaka saba. Mama mkwe wake alikuwa amepoteza kumbukumbu, na mwaka uliopita alikutwa barabara kuu amevaa kiatu kimoja. Tangu hapo mlango wa chumba chake ulifungwa kwa nje kila asubuhi. Dirisha lilikuwa na nondo. Mwalimu alijiambia ni kwa usalama wake, na mumewe akajifanya haoni. Ndivyo alivyokuja kazini kufundisha watu kutoka.

"Kufuli la nje, Mwalimu?" afisa aliuliza kwa upole. Afadhali angefoka.

"Ndiyo. La nje."

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaomba ruhusa, akachukua mkoba, akashika njia ya nyumbani karibu mbio, chaki bado mkononi. Njiani alitunga maneno ya kumwambia mama mkwe: kwamba atatafuta mtu wa kushinda naye, kwamba kufuli lile litatupwa leo leo. Yalikuwa maneno mazuri. Alikuwa hodari wa maneno.

Akafungua. Tangu kuwekwa kufuli, mlango ule haukuwa umewahi kufunguliwa saa za kazi. Bibi kizee aliruka kutoka kitandani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mikono ameinyoosha mbele aonekane hana kitu.

"Sijagusa mlango, mwanangu," alisema haraka. "Nilikuwa nimekaa tu hapa. Usinikasirikie."