Msimamizi wa Siri za Wateja

Kwa mujibu wa waraka namba saba, uliobandikwa kwenye mlango wa mapokezi ya Hospitali ya Misheni ya Kidundamo kwa gundi ambayo ingetosha nyaraka tatu, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Julai neno "mgonjwa" limefutwa. Aliyekuwa mgonjwa ataitwa mteja. Lililokuwa jalada litaitwa rekodi, nayo itakaa ndani ya kompyuta. Mtumishi atapewa nywila, yaani neno lake la kuingilia kwenye mfumo, na hatamtajia mtu yeyote, awe mwenzi wake wa ndoa au muungamishi wake. Ridhaa ni ruhusa atoayo mteja akiwa na akili timamu, bila kushurutishwa. Siri ya mteja ni habari ya afya ijulikanayo na watu wawili tu, mteja mwenyewe na anayemhudumia. Atakayefungua rekodi ya mtu asiyemhudumia atachukuliwa hatua, ikiwemo kuachishwa kazi. Na baada ya miezi mitatu, waraka ulimalizia, atateuliwa Msimamizi wa Siri za Wateja, mtu ambaye uadilifu wake hautiliwi shaka.

Paskalia aliusoma waraka mara moja. Sentensi ya mwisho aliirudia mara tatu, kwa sababu alijiona humo waziwazi, lilikuwa limekosekana jina tu.

Alikuwa karani wa chumba cha majalada kwa miaka ishirini na saba. Kule milimani, juu kidogo ya barabara iendayo Mgeta, majina ya ubatizo ni machache kuliko watu. Parokia moja ilikuwa na akina Cecilia Joseph kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa na presha. Paskalia hakuhangaika na alfabeti. Mtu wa Uluguru ni wa ukoo wa mama yake, basi naye alipanga majalada kwa koo za akina mama, kisha kwa mteremko wanakolima, kisha kwa mtoto wa ngapi. Ukifika dirishani hakukuuliza jina. Alikuuliza, "Mama yako mtu wa wapi?" Ulipomaliza kujibu, jalada lilikuwa mezani. Wakaguzi waliokuja kutoka mjini waliandika kwamba chumba kina mpangilio mzuri. Hawakuandika kwamba mpangilio wenyewe uliishi kichwani mwa Paskalia na jioni ulikwenda naye nyumbani. Alipochukua likizo, wagonjwa wa presha waliambiwa warudi mwezi ujao.

Nafasi ile, basi, ilikuwa yake. Kilichobaki ni kuitangaza.

Ndipo akaja Shadya. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita kutoka Morogoro mjini, ana stashahada ya tehama, na alipanda mlima ndani ya lori la mboga lililokuwa linarudi tupu. Aliwekewa meza kwenye dirisha la pili, futi nne kutoka la Paskalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Paskalia, kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

Ubaya wa Shadya ulikuwa mmoja, lakini mkubwa. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mpole, anawahi kazini, na hakuwahi kusema neno kuhusu vumbi. Mtu wa namna hiyo kumchukia ni kazi ya mikono mitupu, nayo Paskalia aliifanya kwa bidii zake zote.

Wiki ya tatu alifika Bibi Esther, aliyelima njegere juu kabisa, ambaye tangu zamani hakushuka hospitali bila kumletea Paskalia mapeasi.

"Mtu wa ukoo wa Mwenda, wa ng'ambo ya mto, mtoto wa nne," Paskalia alitangaza kabla hajaulizwa, akakwea ngazi. Alikuwa ameshika jalada, bado yuko juu, aliposikia sauti ya upole kutoka dirisha la pili.

"Bibi, nimeshakupata kwa namba ya simu ya mjukuu wako. Nenda chumba namba mbili."

Bibi Esther alitazama huku na huku, kisha akaweka mfuko wa mapeasi kwa Shadya.

"Esther!" aliita Paskalia kutoka juu. "Hayo mapeasi ya nani?"

"Ya aliyenihudumia."

"Na mimi ninafanya nini huku?"

"Wewe Paskalia una ngazi," alisema Bibi Esther. "Huyu mwenzio ana haraka yangu."

Foleni nzima ilicheka. Shadya alileta mapeasi mezani kwa Paskalia, wagawane. Paskalia alisema yanamletea gesi. Siku ile alikwenda nyumbani mikono mitupu, na njia nzima aliyahesabu yale mapeasi, japokuwa hakuyaona yalikuwa mangapi.

Mwezi wa pili ukapita hivyo. Mafunzo ya kompyuta yalifanyika, naye akaeleza kwamba mwanga wake unamwumiza macho. Nywila alipewa, akaiandika kwenye karatasi, akaifungia kabatini.

Halafu Jumanne moja Shadya aliinuka ghafla, kashika tumbo, jasho limemtoka usoni. Alikwenda kwa Daktari Yunusi, akakaa huko nusu saa. Aliporudi alikuwa na bahasha ya dawa, akaitia kwenye mkoba bila kusema kitu.

Paskalia alisoma mambo kwa haraka. Msichana, tumbo, jasho, kimya. Mimba. Mimba ina likizo ya uzazi, na kiti cha likizo ni kiti kitupu. Alisikia kitu kikimpanda kifuani. Alikuwa mwanakwaya, na alijitahidi kukiita huruma.

Saa ya chakula alitoa karatasi kabatini, akaenda dirisha la dawa kwa Jastin.

"Baba, nionyeshe namna ya kumtafuta mtu kwenye hii kitu."

"Mtu gani, mama?"

"Yeyote. Najifunza."

"Leo? Si ulisema macho?"

"Yamepona."

"Kweli mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Jastin, akamwonyesha.

Walimu kutoka mjini walikuwa wameshindwa kwa siku tano. Wivu ulimfundisha kwa dakika kumi. Aliandika jina kwa kidole kimoja, akabofya, rekodi ikafunguka.

*Mteja, miaka 26. Maumivu ya tumbo la juu. Dalili za vidonda vya tumbo. Hali chakula vizuri, hapati usingizi. Anasema anafanya kazi na mama mmoja anayewajua watu wote kwa mama zao bila kutazama popote. Anasema yeye mwenyewe umeme ukikatika si kitu. Anakiri kumwonea wivu. Dawa siku kumi na nne, asikae na njaa, apunguze mawazo.*

Paskalia alivuta kiti karibu. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amebeba maandishi juu ya watu wengine, na hakuna aliyewahi kuandika mstari juu yake. Alifurahi. Kisha akaona aibu kwa kufurahi. Kisha akafurahi tena kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona.

Lakini sasa alikuwa anajua, na kujua kuna gharama zake. Kwa watu wa kule, ukishajua jirani anaumwa, kumfikia mikono mitupu ni aibu kuliko ugonjwa wenyewe. Mambo mengine husameheka. Hilo hukumbukwa hata msibani kwako. Asubuhi Paskalia alipika uji wa ulezi, akautia maziwa, ndimu akaiacha kwa ajili ya vidonda, akaufungia kwenye chupa ya chai.

Alipofika, juu ya meza ya Shadya kulikuwa na chupa nne za chai, kichane cha ndizi mbivu, na kabichi mbili ambazo Jastin alisema juisi yake inafunga vidonda. Sista Cecilia, muuguzi, ndio kwanza alikuwa anaweka viazi vya kuchemsha, akitembea kwa ncha za vidole.

Paskalia alisimama mlangoni na chupa yake ya tano. Wivu ule wa zamani ukamrudia wote. Hata dhambi hii, aliyodhani ameitenda peke yake, walikuwa wamemtangulia.

"Mama, na wewe?" aliuliza Shadya.

"Na mimi nini? Nimepita tu. Uso wako umekonda."

"Ndiyo huo uji?"

"Uji tu. Sijatia ndimu."

Shadya aliitazama chupa, akamtazama yeye. "Sijamwambia mtu, mama. Hata mama yangu mzazi hajui."

Paskalia alikaa chini. "Nilidhani ni mimba," alisema.

"Ungefurahi?"

"Ningekuombea."

"Ungeniombea niondoke."

"Hiyo nayo ni sala."

Shadya alicheka, kisha akashika tumbo, maana kucheka kulimwumiza. "Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mawazo, uyapunguze." Paskalia alimimina uji. "Kunywa. Na hizo chupa zingine usizifungue kabla ya hii."

Shadya alikunywa nusu kikombe ndipo akasema lililokuwa limemkaa. "Mama, mfumo unaandika kila anayefungua rekodi. Jina na saa. Mganga mfawidhi ameniagiza niitoe orodha Ijumaa, ndipo ateue."

"Si uifute?"

"Haifutiki. Mimi mwenyewe nimo. Nilifungua ya kwangu kuangalia ameniandikia nini."

"Kufungua yako mwenyewe ni kosa?"

"Waraka unasema mtu usiyemhudumia. Mimi sijihudumii."

Siku mbili Paskalia hakula vizuri. Cheo hakukiwaza tena. Aliwaza kuachishwa kazi, na ngazi yake kupewa mtu wa bustani. Alhamisi alikwea, akaanza kumsomea Shadya koo moja baada ya nyingine, na Shadya akawa anaandika. Iwapo ataondolewa, alisema, asiseme mtu kwamba aliondoka nazo. Walipofika ukoo wa tatu alinyamaza, akadai amechoka. Nyingine zilizobaki alizihifadhi, kwa tahadhari.

Ijumaa watumishi walikusanyika ukumbini. Wenye nywila walikuwa ishirini na wanne. Mganga mfawidhi, Daktari Stefano, alipokea orodha kutoka kwa Shadya, akasema sheria ni msumeno, akaanza kuisoma kwa sauti. La kwanza lilikuwa la Sista Cecilia, la pili la Jastin. La tano la Paskalia, ambaye aliinamisha kichwa. Daktari alisoma la sita. La saba hakulisoma. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, jina lake likawa bado lipo.

Alisema waliofungua walifungua kwa upendo, na hatua za kinidhamu zitaangaliwa upya kwa mujibu wa taratibu. Kuhusu Msimamizi, alisema, waraka uko wazi, na jambo la kushukuru ni kwamba katika ishirini na wanne amebaki mmoja ambaye jina lake halimo. Akamwita mbele Daktari Yunusi.

Watu walipiga makofi. Daktari Yunusi aliinuka taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa makosa, akashukuru. Paskalia na Shadya walikuwa wamekaa benchi moja, bega kwa bega, wakipiga makofi kwa ncha za vidole, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanamwonea wivu mtu yule yule.

Daktari Yunusi alikuwa bado hajaingia kwenye mfumo hata siku moja kwa jina lake. Tangu Julai rekodi zote za wateja wake alikuwa akiziandika kwa nywila ya Sista Cecilia.