Nilisema Alishika Kifua

Admin, nifiche tafadhali, na hata jina la mahali ninapofanya kazi usiliweke. Nakuru ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea la umma. Nina filimbi, nina kaptura nyekundu, na nina mdomo. Wanaonijua watakuambia mdomo ndio hufanya kazi zaidi. Kikundi chochote kikija kujivinjari, mimi ndiye MC ambaye hakuna aliyemwalika.

Kuna vijana wa kanisa moja la Subukia ambao huja kwetu kila mwaka wakishamaliza kuvuna mahindi. Wanakuja na sufuria zao, wanaomba, wanakula, halafu wanashindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi. Aliye chini hushika ngazi, walio juu huhesabu kwa sauti. Mwaka jana bingwa wao alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nitamwita Sami. Alikuwa akipasua mbao Elburgon, ana kifua kipana kama mlango, na aliogelea vizuri kuliko mimi. Kabla ya kuingia alianza kuvuta pumzi haraka haraka, nami nikamwambia, "Ongeza zingine, bingwa! Jaza tanki!" Akacheka, akaingia.

Saa ilikuwa mkononi mwangu. Tulipofika sekunde mia moja watu walipiga vigelegele. Mia na ishirini. Hakutapatapa, hakuinua mkono, alikuwa ametulia tu, nami nikapaza sauti, "Huyu leo ametuweza!" Tulikuwa tumepita mia na hamsini msichana mmoja aliponiambia, "Kocha, mbona ameachilia ngazi?" Niliruka, nikamtoa, nikamfanyia yote niliyofunzwa. Hakurudi. Tulikuwa tukimshangilia mtu aliyekuwa amezimia zamani.

Polisi walikuja. Mama yake naye akafika kutoka Subukia jioni hiyo, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mtoto wangu alijua maji tangu akiwa mdogo. Alizama aje?" Nikamjibu, "Mama, nilimwona akishika kifua. Nafikiri ni moyo."

Hakushika kifua. Niliogopa. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki ile, na sikutaka mtu yeyote aulize nani alikuwa na saa. Mama aliketi chini kwenye saruji akasema, "Basi ni Mungu." Familia ilikataa mwili upasuliwe kuchunguzwa, wakamzika.

Miezi mitatu baadaye tulipelekwa mafunzo. Mwalimu akaeleza kwamba mtu akivuta pumzi nyingi haraka haraka kabla ya kuzama, mwili unadanganyika. Haja ya kupumua inachelewa kuja, na mtu anazimia bila dalili yoyote, hata akiwa muogeleaji hodari. Akasema mchezo huo tusiuruhusu hata mara moja, kwa mtu yeyote. Wenzangu waliandika. Siku iliyofuata niliandika onyo kwenye kadibodi nikalibandika ukutani, meneja akalibandua akisema natisha wateja.

Sasa sikieni yaliyonifanya niandike. Mama Sami amenifanya mtoto wake. Kila akipata mtu anayekuja Nakuru ananitumia maziwa na mahindi. Husema mimi ndiye niliyemwona mwanawe mara ya mwisho, kwa hivyo akiongea na mimi anapata nafuu. Na Jumamosi hii ni ukumbusho wa mwaka mmoja. Yeye na kanisa wameamua kumkumbuka Sami kwa mchezo alioupenda. Fulana zenye picha yake zimeshachapishwa. Atakayekaa chini ya maji muda mrefu zaidi atapewa mbuzi.

Dani, mdogo wake Sami, alinipigia simu juzi. "Kocha, mi nimefanya sana mazoezi na karai ya maji. Nikivuta pumzi chap chap kwanza, nakaa hadi nasahau kupumua. Lazima nivunje rekodi ya bro." Nilimwambia aache kabisa. Akacheka, akadhani ni utani wangu wa kila siku.

Nikampigia pasta. Nikamwambia mchezo huo ni hatari, wafute. Akaniambia, "Usiwe na wasi, ndugu. Tumejipanga. Vijana wote tumewapeleka dispensari wakapimwa presha na moyo, wako sawa. Si wewe ulituambia ilikuwa moyo?"

Nikakata simu, nikaenda kwa meneja.

Meneja naye hataki kusikia. "Hao wamebook bwawa lote. Si wewe uko? Utawaangalia." Hata Sami nilimwangalia, kwa macho yangu yote mawili. Nikisema mimi ni mgonjwa, ataletwa mtu asiyejua kitu. Na kanisa limeshasema bwawa likikataliwa watafanyia kwenye dam ya huko kwao, ambako maji ni tope na hakuna wa kumtoa mtu.

Jana nilijikaza nikampigia mama mwenyewe. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwanangu, nilikuwa nakutafuta. Jumamosi ukuje na ile saa ya siku ile. Nataka Dani ahesabiwe na mkono ule ule uliomhesabu ndugu yake." Nikaitika, "Sawa, mama." Mdomo wangu huu wote, na ndicho kitu pekee kilichotoka.

Nikinyamaza, naogopa atazika wa pili. Nikisema, atajua kwamba mwaka mzima amekuwa akimtumia maziwa mtu aliyemwambia mwanawe ajaze tanki. Ndugu zangu, kuna anayejua neno la kwanza ninaloweza kumwambia huyu mama? Niandikieni kabla ya Jumamosi. Saa nimeiweka mezani hapa, inatembea.