Majani ya Nyuma ya Migomba

Mjukuu kavunja jani nene la ua langu, ua linalosifiwa mtaa mzima kwa kuchipua hata jani lake likilazwa tu chini, na ile harufu mbichi imenirudisha kijijini Gonja, nyuma ya migomba, tulikomzika mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Bibi alilaza majani kama hayo juu ya udongo yawe alama. Mvua ikanyesha. Asubuhi moja nikaona pembeni mwa majani vimechomoza vitu vidogo vinono, kama vidole. Nilikimbilia jikoni.

"Mama, mtoto anatoka."

Mama hakuwa amesema neno tangu mazishi. Alichukua kibuyu cha maji, akaenda, akapiga magoti pale.

"Kunywa, baba," akasema.

Nikajibanza kwenye mgomba, nikiomba asijibiwe.