Uduvi wa Mwamba wa Nuu

Nikisema mimi ni mzamiaji na kwetu ni Mwingi, Kitui kukavu, watu hucheka kabla sijamaliza. Wacheke. Nauza mabati na misumari kwenye barabara ya Garissa, na kila mwaka nafunga duka wiki mbili, nashuka pwani na kamera yangu ndani ya kasha lisiloingia maji, nazama kupiga picha za matumbawe na pweza. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini na tisa, mtandio umebanwa ndani ya kofia ya mpira, na mwalimu akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nilikuwa nayo. Miezi mingine napanda vilima, vya Nuu na vya Makueni upande wa Emali, asubuhi kabla jua halijawa kali.

Mwaka huo mhariri mmoja wa Nairobi alikuwa akitengeneza kitabu kikubwa cha picha, kila kaunti na ukurasa wake. Alinijua kwa sababu aliwahi kununua picha yangu moja akaiweka kwenye kalenda. Nikamwambia safari hii nitampa Kitui yenye maji.

"Maji, Kitui?" akacheka. "Nipe ukame, dada. Huo ndio watu wanaujua."

Nilikasirika hata nikamkatia simu. Nilikuwa najua jambo asilolijua yeye. Juu ya mwamba wa Nuu kuna shimo kubwa la jiwe, na mvua ikilijaza, baada ya siku chache maji yanajaa uduvi. Ni wadogo kama ukucha, na wanaogelea chali, tumbo juu. Mayai yao hulala kwenye vumbi kavu hata miaka, yakingoja mvua, na shimo likikauka nao wamekwisha. Nilitaka kuwapiga picha nikiwa ndani ya maji, kama ninavyowapiga samaki wa baharini. Huo ndio ungekuwa ukurasa wetu, na mhariri angemeza maneno yake.

Mvua ya Novemba ikanyesha. Siku ya kumi nikapanda mwamba na nguo ya kuzamia chini ya buibui, jasho likinitiririka mpaka viatuni. Shimo lilikuwa limezungushiwa miiba, na kwenye geti la mbao aliketi mama wa miaka sitini hivi, mwenye kitambaa chekundu kichwani. Kamati ya maji ilikuwa imempa zamu ya kulinda.

"Unaenda wapi na hiyo miguu ya bata?" akauliza, akitazama viatu vyangu vya kuogelea, vile vyenye mapezi, nilivyovibeba mkononi.

"Naingia kidogo tu, mama. Napiga picha ya wale wadudu wa majini."

"Aiee. Hiyo maji tunakunywa. Tunachuja na kitambaa, tunachemsha, tunakunywa. Hakuna mtu anaingiza mwili hapo, hata mtoto wangu."

Waswahili husema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Pale Nuu ukiyavulia nguo utafukuzwa na mawe. Hata hivyo nikabishana. Nikamweleza habari za kitabu, nikamwambia jua hili halitaacha kitu wiki ijayo. Alinisikiliza huku akinikodolea macho, kisha akasema polepole:

"Mimi nakujua. Ni wewe ulinipiga picha pale mtoni, nikiwa nimeinama."

Nikamtazama upya. Ilikuwa ndiyo ile picha ya kalenda: mwanamke ameinama ndani ya kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto, kibuyu mkononi, sura haionekani vizuri.

"Niliiona kwa ofisi moja huko Mwingi. Imebandikwa kwa ukuta, imeandikwa Kiu. Siku hiyo sikuwa na kiu, mwanangu. Nyumbani nilikuwa na maji. Nilikuwa nasafisha kisima, ndio wenzangu wapate maji safi. Na hukuniuliza."

Niliona aibu, na sitaipamba. Nilikuwa nimetoka Mwingi nimejaa hasira juu ya watu wanaouza ukame wetu, kumbe aliyewafungulia duka ni mimi.

"Pole, mama."

"Pole haitoi picha kwa ukuta." Akanyoosha mkono. "Wewe hauingii. Lakini hiyo sanduku, lete nione."

Akatia kidole mate, akakisugua kwenye pembe ya kasha, akalamba. "Iko na chumvi."

Nikaapa kwamba nililiosha pwani. Akanisogezea nilambe mwenyewe. Nikalamba. Bahari ilikuwa bado ipo, imejificha kwenye bawaba.

Kando yake palikuwa na mtungi umejaa. Nikautazama, naye akaniona. "Hiyo ni ya nyumbani kwangu. Maji ya kuosha chumvi yako ulete mwenyewe."

Nikashuka hadi kwenye bomba la sokoni, nikaazima mtungi wa lita ishirini, nikaupandisha mgongoni, kamba imenikaza kipaji cha uso, kama wanavyobeba mama zetu. Mtu angenipiga picha saa ile angeandika Kiu. Nilipofika juu nikautua. Nikaosha kasha mara tatu, nikaosha na mkono wangu hadi begani. Akalamba tena pembe zote, akafungua geti.

Nililala kifudifudi juu ya jiwe, mkono ndani ya maji, na yeye akanishika vifundo vya miguu nisije nikateleza. Uduvi wakalizunguka kasha, chali, miguu yao ikipepea. Mama naye hakuweza kujizuia, akaniachia miguu, akainama ukingoni kuchungulia. Ndiyo picha niliyoipata: uduvi mbele, anga nyuma, na katikati, ukimwona kutoka ndani ya maji, uso wake na kitambaa chekundu, akicheka. Nikamwonyesha, nikamuuliza.

"Hii unaweza kupeleka," akasema.

Juu ya mwamba mtandao ni mzuri. Nikamtumia mhariri palepale, na haikupita nusu saa akapiga.

"Ni nzuri mno! Nitaiweka ndogo pembeni ya ile ya yule mama wa kisimani, ndio msomaji ajue kwamba hii ni Kitui."

"Yule mama ndiye huyu anayecheka," nikasema. "Ile ya kisimani sikuuliza ruhusa, nilikuuzia kwa kalenda tu, na haitoki kwangu tena. Weka hii peke yake."

Akasema peke yake haitaeleweka. Akasema kaunti ni nyingi na kurasa ni chache, na kama sitaki basi.

"Basi," nikasema.

Na niliutaka ukurasa ule kuliko nilivyowahi kutaka picha yoyote ya baharini. Mama aliniona nimeshika simu tu.

"Amesema nini?"

"Amesema bila ile picha ingine, Kitui haitakuwa kwa kitabu."

Akajifunga vizuri kitambaa chake. Chini kwenye mteremko wanawake wa zamu ya kuchota walikuwa wameanza kupanda na mitungi yao, wakiongea kwa sauti.

"Kwani kwa ile kalenda ya Kiu ni sisi tulikuwa?" akauliza, akaenda kuwafungulia.