Majina Aliyoyaandika Mama

Nilitumia siku kumi na moja kuchagua programu ya kuwatangazia wateja wa mama omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi Homa Bay bila kazi, na nilikuwa na mazoea ya kuhoji kila kitu: mahubiri, dawa za mitishamba, ahadi za wanasiasa, hata maelekezo kwenye pakiti ya unga. Kwa hiyo programu nazo nilizihoji. Hii inaweza kutuma ujumbe kwa watu wangapi kwa mpigo? Mtandao ukikatika katikati, ile inapoteza nini? Kama ni ya bure, nani anailipia? Nilichora jedwali daftarini nikazipa alama. Mbili zilitaka kadi ya benki. Moja ilitaka tovuti, na mama alikuwa na kibanda cha mabati na simu iliyopasuka kioo.

Mama aliwauzia wateja wake kwa kuwapigia simu, mmoja baada ya mwingine. Kila Alhamisi, omena ikishakauka na kuingia magunia, alikalia ndoo iliyopinduliwa na kuanza: Rongo, Migori mjini, Isebania. Simu moja ingeweza kwenda nusu saa. Bei ilikuja mwishoni kabisa, kama kitu alichokaribia kukisahau.

"Mama, unapoteza muda," nilimwambia. "Ujumbe mmoja, watu wote, dakika moja."

"Na nani atawasalimia?"

"Programu yenyewe. Kila mtu kwa jina lake."

Alicheka. "Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "hiyo programu yako inajua mgonjwa wa nani amelazwa?"

"Haihitaji kujua. Hawa wanataka samaki, hawatafuti daktari."

"Haya, msomi. Chukua." Akanipa simu.

Programu niliyoichagua ilizishinda nyingine kwa jambo hilo hilo la majina. Ilikuwa inachota jina la mteja kutoka kwenye simu na kuliweka ndani ya salamu, ili kila mmoja adhani ameandikiwa peke yake. Niliijaribu kwanza kwa namba yangu. Ujumbe ukaingia: "Habari Nyathina! Omena safi ya wiki hii imefika. Agiza sasa." Nilitabasamu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa sababu hilo si jina langu. Mimi niliyehoji pakiti ya unga sikuhoji hilo. Sikufungua orodha hata mara moja. Nikabonyeza tuma.

Majibu ya kwanza yalikuwa vicheko. Mwenye hoteli mmoja wa Migori aliuliza, "Kwani mimi ndio Punguza Kidogo?" Mwalimu fulani alitaka kujua tangu lini anaitwa Mwalimu wa Kifua. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa Pwani mwenye duka Migori mjini, alituma sauti akicheka mpaka akakohoa: "Mama yangu, ati Habari Usipige Ijumaa Saa Saba! Ahsante kwa kuheshimu swala, lakini hilo si jina nililopewa na wazazi."

Nilimchezea mama ile sauti nikidhani atacheka. Alikuwa anachekecha mchanga kutoka kwenye omena. Akaacha.

"Umetuma kwa wote?"

"Wote."

"Hata Isebania?"

Alinipokonya simu akapeleka kidole chini, chini zaidi, kisha akanionyesha jina moja. Migumba Isebania. Kwetu migumba ni mwanamke ambaye hakujaliwa kuzaa, na hakuna mtu kuanzia ziwani mpaka mpakani anayehitaji mkalimani kwa neno hilo. Nilimjua huyo mama. Alikuwa mteja wa mama kwa miaka mingi, na ndiye aliyeongea naye kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mama, kwa nini umwandike hivyo?"

"Kila ninayempigia namuuliza watoto. Si ndivyo watu wanavyosalimiana? Huyu nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili akakata simu, halafu akanipigia mwenyewe, analia, akaniambia hawezi kuzaa. Nikaandika ili nisimuulize mara ya tatu."

Nikapitia orodha pamoja naye, nimechelewa. Mwalimu alikuwa na kifua kibovu, kwa hiyo mama alimuuliza kwanza anapumuaje. Kulikuwa na Mume Mkali, asiyepigiwa jioni. Kulikuwa na Aliyefiwa Mara Mbili. Mama alisahau sana, na kila jina pale lilimkumbusha mahali pa kukanyaga na mahali pa kuruka.

Alipiga Isebania mara tano. Simu ililia tu.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta kibandani kwake, anapimia mteja omena kwa kopo. Nilikuwa nimezoea kumwita mwanamke yeyote wa rika lake mama. Siku hiyo neno lilinikwama.

"Habari ya kazi, anti."

"Msomi umefika," alisema bila kuniangalia.

"Anti, nimekuja kuomba msamaha. Ni mashine ndiyo iliyotuma."

"Mashine." Akamalizia kumfungia mteja, akamrudishia chenji, akangoja aondoke. "Mashine ilijuaje kwamba siwezi kuzaa? Hilo nilimwambia mtu mmoja tu."

Nilieleza yote: programu, orodha, na sababu ya mama kuandika. Nilisema yale maneno kama alivyoyasema mama, kwamba asimuulize mara ya tatu. Aliposikia hilo alikaa chini. Kwa muda nilidhani limekwisha.

"Nakuamini," alisema. "Mama yako namjua. Lakini simu yangu ilikuwa kwa wifi yangu, anatafuta namba. Ujumbe wenu ukaingia, akausoma kwa sauti, wakwe zangu wote wamekaa pale. Miaka yote niliwaambia ni mapenzi ya Mungu, nangoja. Sasa wameona hata mwenye omena wa Homa Bay ameshaniandika hivyo. Nitawaambia ni mashine?"

Nilijitolea kwenda kuwaeleza wakwe zake. Akatikisa kichwa. "Umesema ya kutosha."

Jioni nilipoifuta programu, iliniuliza kama nina hakika, kisha ikanionyesha ripoti yake. Ujumbe wa Isebania ulikuwa umefika na kusomwa.

Biashara hatukuipoteza, na hilo ndilo linalonifanya nione aibu zaidi. Baada ya wiki tatu alianza tena kupokea simu ya mama. Alhamisi iliyopita nilikuwa kibandani, nashona midomo ya magunia, mama akampigia.

"Habari ya huko?"

"Nzuri. Bei?"

"Ni ile ile."

"Magunia mawili."

"Haya. Na wewe..." Nilimwona mama akitafuta kitu cha kumuuliza, chochote, mvua, barabara, mambo ya mpakani.

"Sawa, mama," ikasema sauti ile, na simu ikakatika. Mama akabaki ameishika sikioni, kisha akatafuta namba inayofuata.