Sanduku la Fidla Lililomwagiwa Debe la Maji

Enzi zetu kule kijijini Gakindu, mtoto akitaka kitu alikitengeneza kwa mikono yake au alikikosa. Gari la waya, mpira wa karatasi za nailoni, hata mwanasesere wa maganda ya mahindi. Siku hizi mtoto akikosa chaji ya simu dakika tano anaugua. Ai!

Mimi nilitaka fidla. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, na shule yetu ilikuwa na moja tu, ikikaa juu ya kabati la Mwalimu Wanjohi. Nilijifunza kuicheza wakati wenzangu wakiruka kamba. Likizo ilipokaribia, nikamwomba niende nayo nyumbani. Akatazama mawingu.

"Hii mvua yetu itaharibu hiyo kitu. Tengeneza sanduku. Siku ya kufunga shule nitaimwagia hiyo sanduku maji debe nzima. Ikiingia hata tone moja, fidla inabaki."

Wavulana walicheka. Useremala ulikuwa wao. Sisi wasichana tulishona. Nikasema moyoni, mtanitambua.

Nilipata mbao nyembamba za sanduku kuukuu la majani chai, misumari iliyopinda nikainyoosha juu ya jiwe, na cucu, nyanya yangu, akanipa kipande cha blanketi cha kutandika ndani. Vipimo nilichukua kama tulivyofundishwa kupima gauni: nikaizungushia fidla utepe, nikaongeza inchi moja ya mshono. Nikakata, nikapigilia, nikalipeleka shuleni kujaribu. Fidla ikagoma kuingia. Kumbe ubao hauvutiki kama kitambaa, na blanketi nalo lina unene wake! Zilikuwa zimebaki siku mbili. Nililia, nisiseme uongo, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya kahawa nyumbani.

Cucu akanitazama tu. "Ukimaliza kulia, ng'oa misumari."

Nikaing'oa yote. Safari hii niliilaza fidla na upinde wake kwenye karatasi, nikaichora, nikaacha nafasi ya vidole viwili kila upande, nikakata mbao nyingine. Viungo nikavipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Ukingo wa kifuniko nikauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Nyundo ilinipiga kidole gumba mpaka kikawa cheusi, wala sikujali.

Siku ikafika, shule nzima imesimama uwanjani. Mwalimu akainua debe, akamimina maji yote juu ya sanduku tupu. Akalifungua, akapitisha kiganja kwenye blanketi polepole, pembe hadi pembe. Akaenda ofisini, akarudi na fidla, akailaza ndani mwenyewe.

"Beba pole pole," akasema.

Hata wale wavulana walipiga makofi. Likizo ile nilicheza vibaya mpaka ng'ombe akazuia maziwa, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Mwaka jana mjukuu wangu wa Nyeri mjini alinunuliwa fidla, na sanduku lake la zipu, jepesi, zuri ajabu. Tangu Krismasi limeegemea nyuma ya mlango. Nikamwuliza, mbona huchezi?

"Nitacheza tu, shosho. Haraka ya nini?"

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Sisi ndio tuliapa watoto wetu hawatakosa kitu, tukawapa kila kitu. Hamu ndiyo tulisahau kuwaachia.