Baba mkwe amenikuta na vitamini mkononi

Jamani, leo nimejificha nyuma ya mlango wa stoo, kwenye kiwanda changu mwenyewe.

Mkaguzi wa kibali cha maziwa alikuwa mezani na hadubini yake. Mimi nilikuwa naingiza vitamini A kwenye maziwa. Vitamini hiyo imo ndani ya mafuta, na mafuta unayadondosha tone kwa tone mashine ikizunguka, mpaka yawe vitone vidogo mno vinavyolingana. Ukisimama, au ukimwaga kwa pupa, mafuta yanaelea juu na kibali umekosa.

Nimefika nusu chupa, nasikia kikohozi mlangoni.

Baba mkwe! Katoka Masukulu na mkungu wa ndizi.

Wanyakyusa wenzangu mnajua. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe uso kwa uso. Nikaacha chupa, nikakimbilia stoo.

"Mbona ameondoka?" mkaguzi akauliza. Mgeni huyo, hajui mila.

"Nimemkimbiza mimi," mzee akajibu. "Nipe hiyo chupa."

Mikono ya mzee inatetemeka hata akishika kikombe cha chai!

Nikachungulia kwenye upenyo. Ule mtetemo haukumwaga. Ulidondosha. Tone, tone, tone, hadi chupa ikaisha.

Mkaguzi akainamia hadubini. Jasho linanitoka, na baridi yote hii ya Tukuyu.

"Vinalingana," akasema. "Mwenye kiwanda aje asaini."

Mzee akageuka, akatazama ukuta. Nikatoka, nikasaini huku amenipa mgongo.

Sasa niambieni. Mtu usiyeruhusiwa kumtazama, unamshukuruje?